Mzee kastaafu anaishi nje, mimi nina miaka 27: naweza kumfuata kama mtegemezi wake?

#1 Mkoba Mweusi
Wakuu, habari zenu. Naingia moja kwa moja.

Baba yangu alistaafu akaamua kuhamia nje. Anaishi kwa kibali cha wastaafu, anakiongeza kila mwaka, hajawahi kusumbuliwa. Mimi ni mwanawe wa pekee, nina miaka 27, sijaoa. Nataka kwenda kukaa naye, na sizungumzii matembezi ya wiki mbili. Kuna wakala kaniambia "mtoto ni mtoto tu", kwamba nitaingizwa kwenye kibali cha mzee kama mtegemezi wake, nitoe hela aanze kushughulikia. Kuna aliyepita njia hii? Nisije nikaliwa.

#2 Siti ya Mbele
Ngoja waje wajuzi. Nimeshakaa.

#3 Nyundo
Nchi gani mkuu? Hili swali lako ni kama mtu anapiga simu gereji kuuliza "spea shilingi ngapi" na gari hajalitaja.

#4 Bibi Stempu
Nakazia #3. Ila kabla hujataja nchi, jua hili: kibali cha mstaafu kwa kawaida kinatolewa kwa sababu ya umri wake na hela yake. Sehemu nyingi kinamfunika yeye, mwenzi wake na watoto wadogo. Mtoto mkubwa anaanza kuulizwa maswali yake mwenyewe. Hela usitoe bado.

#5 Mkoba Mweusi
Ahsanteni. Ni Thailand, Chiang Mai. Sikutaja nikidhani mambo ya mtegemezi yanafanana kila mahali.

#6 Bibi Stempu
Hayafanani hata kidogo. Kwa Thailand wakala wako ama hajui, ama anajua na ameamua kukutafuna.

Mzee wako yuko kwenye fungu la wastaafu: miaka 50 na kuendelea, baht 800,000 benki ya hukohuko, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na kazi haruhusiwi. Mke anaweza kuegemea kibali hicho. Mtoto naye anaweza, lakini awe hajaoa wala kuolewa, anaishi na mzazi, na hajavuka miaka 20. Wewe umeipita kwa miaka saba. Kuna kadirisha kamoja tu, mtoto mkubwa ambaye kwa ugonjwa au ulemavu hawezi kujitegemea. Kama unaandika hapa ukiwa kazini, hako si kako.

#7 Kiroboto
Miaka 27 unamfuata baba? Wenzio tunawakimbia hao. Sema tu umeinusa pensheni.

#8 Kalamu Nyekundu
Kiroboto hujambo wewe. Tuache hiyo.

Watu wanajiuliza kwa nini 20 na si 18 au 21. Jibu ni jepesi: katika sheria ya madai ya Thailand mtu anakuwa mtu mzima akitimiza miaka 20. Kabla ya hapo mzazi ndiye msemaji wako, baada ya hapo jisemee. Uhamiaji wamefuata mstari huohuo tu, hakuna fumbo.

#9 Ndege Mjanja
Kalamu, hiyo ni nusu ya jibu. Mstaafu anakaribishwa kwa sababu analeta hela na hagusi ajira ya mtu. Sasa ukimruhusu aje na kijana wa 27 mwenye nguvu zake, yule kijana ataishi kwa kutazama dari? Kesho yuko baa anahudumia, keshokutwa anafundisha Kiingereza kwa mlango wa uani. Wanachokiogopa ni ajira. Umri ni fimbo ya kupimia tu.

#10 Kalamu Nyekundu
Kama ni ajira, mbona mke wa mstaafu mwenye miaka 35 anapewa? Yeye hana mikono?

#11 Ndege Mjanja
Mke ni mke, hata serikali zinaogopa kutenganisha ndoa 😂 Ila nimekusikia.

#12 Safari Haina Deni
Mkuu mleta uzi, mwambie mzee ahamie Malaysia. Ule mpango wao wa makazi ya muda mrefu, MM2H, unapokea mtoto wa umri wowote.

#13 Bibi Stempu
#12 si umri wowote. Baada ya mabadiliko ya 2024 mwisho ni miaka 34, awe hajaoa na hafanyi kazi huko. Na ngazi ya Silver mzee anaweka amana ya dola 150,000. Kumhamisha mtu mzima nchi kwa sababu ya karatasi ya mwanawe ni ghali kuliko hiyo karatasi yenyewe.

#14 Ndege Mjanja
Mmeona? 34 sawa, ila "hafanyi kazi". Nimesema nini kule #9?

#15 Kalamu Nyekundu
Na Panama mtoto wa mstaafu aliyevuka 18 wanamkubali mpaka 25 akiwa mwanafunzi. Hapo kinachopimwa ni shule. Kila nchi na fimbo yake, usijenge nadharia kwa Malaysia peke yake.

#16 Faili Lililokufa
Nyie mnabishana umri, mimi niwape ya Marekani. Kule hakuna kabisa viza ya wastaafu, kwa hiyo mzazi mstaafu unayemkuta huko kwa kawaida ni raia au ana kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu. Mama yangu alikuwa na kadi. Alinifungulia I-130, fomu ya kumwombea ndugu, nikiwa na miaka 24. Fungu langu linaitwa F2B, mtoto wa miaka 21 na zaidi wa mwenye kadi, ambaye hajaoa. Foleni yake unahesabu kwa miaka, miezi sahau.

Mwaka wa nne nikaoa. Harusi nzuri, mama alitazama kwa simu analia. Hakuna aliyekumbuka faili. Lilipofika zamu ya kuomba nyaraka, nikaulizwa hali ya ndoa, nikajaza kwa fahari kabisa: NIMEOA. Jibu lilikuwa sentensi mbili. Ombi lilikufa siku ileile ya harusi, sisi tukaendelea kulilea kama liko hai.

#17 Siti ya Mbele
Daah. Kwa hiyo ulikula pilau ya msiba wa faili lako.

#18 Nyundo
#16 pole. Lakini nilisikia mzazi akiwa raia mtoto anaweza kuoa akabaki kwenye foleni.

#19 Faili Lililokufa
Sahihi. Raia ana mafungu mawili: F1 kwa mtoto mkubwa ambaye hajaoa, F3 kwa aliyeoa. Mwenye kadi hana fungu la mtoto aliyeoa, basi. Mama angekuwa amekwishapata uraia kabla ya harusi, faili lingehamia F3, foleni ndefu zaidi lakini hai. Sasa amepata uraia, ameanza upya, nami nimerudi mkiani.

Nyongeza kwa wenye wazazi wastaafu huko: mzazi lazima asaini I-864, hati ya kuahidi kukutunza, na kipato chake kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kwao kwa idadi ya watu wa kaya. Pensheni ndogo haifiki kirahisi. Mama alitafuta mdhamini mwenza, inaruhusiwa.

#20 Mkoba Mweusi
Kumbe. Naomba tusitoke sana Thailand wakuu, ingawa najifunza.

#21 Chura wa Mvua
Utasamehe kidogo, na Ulaya nayo isemwe kwa watakaosoma baadaye.

Ulaya swali kuu ni: mzazi ni raia wa nani? Mzazi akiwa raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anaishi nchi nyingine ya Umoja, tuseme Mjerumani kastaafia Ureno, basi mtoto wa chini ya miaka 21 anaingia moja kwa moja, na mtoto mkubwa anaingia kama bado anategemea. Ni agizo la 2004. Kwenye shauri la Reyes la 2014 binti wa Ufilipino aliyevuka 21 alimfuata mama yake Sweden. Alikuwa anatumiwa hela na mama na baba wa kambo. Mahakama ya Umoja ikasema hawezi kulazimishwa kuonyesha kwamba alitafuta kazi kwao akakosa. Kutegemea ni jambo la hali halisi.

Mzazi asiye raia wa Umoja ni habari nyingine. Hispania, kwenye viza yao ya wasiofanya kazi, wanapokea mtoto mkubwa ukithibitisha anategemea, na mzazi anaongeza kipato cha euro 600 kwa mwezi kwa kila kichwa kwa kiwango cha 2024. Ujerumani mtoto mkubwa mpaka uonyeshe ugumu wa kipekee kabisa, na wakisema kipekee wanamaanisha.

#22 Kiroboto
Kwa hiyo Ulaya ukiwa mvivu na ushahidi unao, karibu. Nilizaliwa bara lisilo langu.

#23 Chura wa Mvua
Cheka tu. Uvivu nao unahitaji nyaraka. Mimi ombi langu la kumfuata mama lilitemwa kwa karatasi niliyoipeleka mwenyewe. Niliambatanisha taarifa ya benki ya mwaka mzima kuonyesha mama ananitumia kila tarehe 3. Katikati humo kulikuwa na miezi mitatu ya mshahara, kibarua cha kuhesabu bidhaa ghalani nilichokwisha kukisahau. Afisa kapiga mstari wa kalamu ya kijani kwenye zile namba tatu. Za mama hakuzigusa, miezi kumi na miwili yote.

#24 Kalamu Nyekundu
Hapo ndipo ninapochoka na neno "mtegemezi". Ukiwa na kazi hutegemei. Ukikosa kazi, wanaogopa utakuja kutafuta kazi. Sasa usimame wapi?

#25 Msimamizi
Wakuu, punguzeni kumtania mleta uzi. Posti mbili nimezitoa.

#26 Mkoba Mweusi
Nimesoma zote. Kuna kitu sikukiandika mwanzoni kwa sababu kinanikera kukiandika.

Mzee ana miaka 74. Miezi miwili iliyopita alianguka bafuni usiku. Alikaa chini mpaka asubuhi, jirani ndiye aliyesikia anagonga ukuta kwa ndala. Hakuniambia. Nilianza kushangaa kwamba kila akipiga video anaishika simu juu, naona paji la uso na feni. Wiki iliyopita simu ikamponyoka, nikaona mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Nikamuuliza, akasema "ah, hii? Ya zamani hii."

Kwa hiyo Kiroboto, pensheni yake naijua, inamtosha yeye na dawa zake. Sihitaji anilishe. Kazi ninayo, natunza hesabu za kampuni mbili kwa mkataba, natumia kompyuta, popote penye intaneti nafanya.

#27 Kiroboto
Nimekoma mkuu. Nilikuwa nafurahisha genge. Mzee apone.

#28 Bibi Stempu
Ungeanza na hiyo. Basi tulikuwa tunalisoma swali kichwa chini. Fomu inauliza kama mtoto anamtegemea mzazi, kwenu mzazi ndiye anayeanza kumtegemea mtoto, na kwa hilo mstaafu hana kisanduku cha kuweka alama.

Ila Thailand kuna kitu watu hawakitaji sana: unaweza kuongezewa muda kwa sababu ya kumuuguza mgonjwa. Unaingia kwa viza yako ya kawaida, unapeleka barua ya daktari wa hospitali inayoeleza ugonjwa na kwamba anahitaji mtu, wanakupa muda usiozidi siku 90 kwa mara moja. Si makazi hayo, ni pumzi.

#29 Ndege Mjanja
Na daktari aandike nini? "Mzee ni mbishi, simu anaishika juu"? Mkono ukishapona hiyo barua haipatikani tena. Hiyo ni dawa ya mwezi wa kwanza.

Mimi ninavyoona, huyu aachane na neno mtegemezi kabisa. Kazi ya kompyuta anayo, aende kwa DTV, Destination Thailand Visa, viza ya wanaofanya kazi kwa mbali. Ilianza Julai 2024. Inaishi miaka mitano, kila ukiingia unakaa siku 180, na unaweza kuomba kuongezewa mara moja kwa kila uingiaji. Masharti: uwe na miaka 20 na zaidi, uonyeshe baht 500,000, na uonyeshe mikataba ya kazi unayofanya kwa watu walio nje ya Thailand. Ada kama baht 10,000, ubalozi na ubalozi. Unaiomba ukiwa nje ya nchi yao. Hapo mzee hatajwi popote.

#30 Mkoba Mweusi
Hii naisikia kwako kwanza. Baht 500,000 sina yote, nina kama theluthi mbili. Mzee ana zile 800,000 zake zimekaa tu benki. Akinihamishia kwa wiki mbili nikapiga taarifa ya benki, halafu nikarudisha?

#31 Bibi Stempu
USIGUSE HELA YA MZEE.

Zile hazijakaa tu. Zinatakiwa ziwemo miezi miwili kabla hajaomba kuongeza, zibaki miezi mitatu baada ya kupewa, na muda uliobaki wa mwaka zisishuke chini ya 400,000. Ukitoa kwa wiki mbili kwenye mwezi usiofaa, mwakani mzee wako anakosa kibali. Utakuwa umekwenda kumuuguza mtu uliyemfukuzisha.

#32 Ndege Mjanja
Na hela iliyoingia juzi afisa anaiona. Rafiki yangu yalimkuta: salio safi, limejaa siku nne kabla ya ombi. Wakamwandikia alete miezi sita. Hakuwa nayo, ada ikaenda.

#33 Nyundo
Kuna balozi zinapokea barua ya mzazi kudhamini hizo 500,000?

#34 Ndege Mjanja
Kuna wanaosema zilipokelewa, kuna waliorudishwa waambiwe jina kwenye akaunti liwe lao. Uliza ubalozi utakaokwenda, maelezo ya rafiki wa ubalozi mwingine hayakusaidii.

#35 Binti wa Herufi 44
DTV ni nzuri kwa mwenye kazi. Mimi sikuwa nayo, nilikwenda kwa viza ya masomo, shule ya lugha, mama alikuwa kaolewa huko. Jina langu la humu limetoka kwenye konsonanti za Kithai, ziko 44.

Nilichojifunza: shule nyingine zinauza viza, masomo ni zawadi ya juu. Yangu walichukua ada ya mwaka mzima, darasa likawa mara mbili kwa wiki, mwalimu anakuja au haji. Siku ya kuongeza muda afisa akanisukumia karatasi akasema soma. Mstari wa kwanza nikausoma, wa pili nikausoma nusu. Akauliza kwa Kithai "umekuja na nini leo?" nikamjibu "nina miaka ishirini na tano". Aliinama kuficha kicheko, lakini muhuri alinigongea. Dada aliyekuwa nyuma yangu, wa shule hiyohiyo, hakuweza hata kusalimia. Alipewa siku saba afungashe.

#36 Kiroboto
"Umekuja na nini?" "Nina miaka 25." Umeniua. Hiyo ndiyo tafsiri ya usafiri wangu wote 😂

#37 Safari Haina Deni
Mbona mnamtesa mwenzenu. Aingie kama mtalii akae. Mzee mgonjwa, nani atamkamata? Akiondoka atalipa faini.

#38 Bibi Stempu
#37 wewe ulishakosea Malaysia, sasa unataka kumpoteza kabisa. Faini ni baht 500 kwa siku, mwisho 20,000, na hiyo ndiyo sehemu ya huruma. Ukipitiliza zaidi ya siku 90 ukajisalimisha mwenyewe uwanja wa ndege, marufuku mwaka mmoja. Zaidi ya mwaka, marufuku miaka mitatu. Ukikamatwa kabla hujajisalimisha ni miaka mitano, hata kama ulipitiliza kidogo, na kumi ukivuka mwaka. Mzee ana 74. Piga hesabu mwenyewe miaka mitano ni mingapi kwake.

#39 Safari Haina Deni
Basi yaishe. Nilichangia tu.

#40 Kalamu Nyekundu
Mimi nina wazo la kupindua meza. Mkuu atafute mwajiri hukohuko, apate viza ya kazi na kibali cha kazi. Mwenye kibali cha kazi anaweza kumbeba mzazi wa miaka 50 na zaidi kama familia yake. Kwa hiyo mzee anakuwa mtegemezi wa kijana, na baht 800,000 zinaachiwa huru. Hapo ndipo karatasi na ukweli vinakutana.

#41 Ndege Mjanja
Kwenye karatasi pazuri. Mtaani, kampuni inayotaka kuajiri mgeni mmoja inatakiwa iwe na mtaji wa baht milioni 2 na Wathai wanne walioajiriwa. Na kutunza hesabu ni miongoni mwa kazi walizowawekea wazawa. Atafundisha Kiingereza sasa?

#42 Kalamu Nyekundu
Ya uhasibu nakubali. Lakini nawe usimpambe na DTV kama pepo. Akikaa Thailand siku 180 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda anakuwa mkaazi wa kikodi, na tangu 1 Januari 2024 kipato cha nje anachokiingiza nchini kinaangaliwa kwa kodi. Mtunza hesabu asije akakamatwa kwa hesabu zake.

#43 Ndege Mjanja
Hilo sikulitaja, kweli. Aangalie kama nchi yake ina mkataba wa kodi na Thailand.

#44 Mwenye Hela Zake
Mnazunguka. Kuna uanachama wa kulipia, Thailand Privilege, daraja la Gold baht 900,000, miaka mitano, hakuna anayekuuliza kazi wala baba.

#45 Siti ya Mbele
Jamaa theluthi mbili ya 500,000 ndiyo anayo, wewe unamtajia 900,000. Hata jina lako linakusema.

#46 Nyundo
Swali la kijinga: kwa nini mzee asirudi tu? Matibabu, ndugu, kila kitu.

#47 Mkoba Mweusi
Si la kijinga, nimeuliza mara kumi. Ana wazee wenzake wanacheza chesi kila alasiri, mmoja ni Mswisi hawaelewani lugha hata moja, wamecheza miaka sita. Anasema akirudi atakaa kitini asalimiwe. Sina jibu la hapo.

#48 Faili Lililokufa
Mwache alipo. Mama yangu nilimshawishi miaka miwili arudi. Siku aliyokubali nikasikia sauti yake, nikajuta.

#49 Bibi Stempu
Mkoba, mimi ningefanya hivi, wengine watapinga. Nenda sasa kwa muda mfupi, mkono ungali na bandeji, omba barua ya daktari uone kama utapata hizo siku 90. Ukiwa huko angalia bafu, angalia dawa, ongea na yule jirani. Hela yako ijae taratibu kwenye akaunti yako mwenyewe. Halafu toka, kaombe DTV nje. Na ukifika mwambie mzee, kama nyumba iko mikononi mwake, akuripoti uhamiaji ndani ya saa 24, fomu ya TM30. Wengi husahau, wanakumbushwa kwenye dirisha siku ya kuomba kitu kingine.

#50 Ndege Mjanja
Napinga kama ulivyotabiri. Siku 90 za kuuguza zitamla muda na nauli mbili. Akope kwa ndugu hiyo theluthi iliyobaki leo, ikae miezi sita, aende mara moja.

#51 Bibi Stempu
Miezi sita mtu anaweza kuanguka tena.

#52 Ndege Mjanja
Na siku ya 91 hawezi kuanguka?

#53 Binti wa Herufi 44
Jamani. Na cheti cha kuzaliwa kibebe kikiwa kimethibitishwa na kutafsiriwa, njia yoyote atakayochagua. Jina la baba lifanane na pasipoti yake herufi kwa herufi. Mimi lilipishana "h" moja, wiki tatu.

#54 Mkoba Mweusi
Wakala nimemkataa. Alinitumia ujumbe kwamba nimepoteza nafasi ya dhahabu.

Jana nimempigia mzee nikamweleza yote, siku 90, DTV, sijui TM30. Akasikiliza kimya. Akasema, "Nani kakwambia nahitaji mtu? Kaa na kazi yako." Akakata. Nikakaa nimenuna. Baada ya dakika kama kumi ikaingia picha, haina maneno. Ni chumba cha pili. Maboksi yote yaliyokuwa juu ya kitanda yameshushwa chini, na kwa mkono mmoja ule sijui kashushaje. Shuka imetandikwa, kona moja imejikunja.

#55 Siti ya Mbele
🙏🏾

#56 Kiroboto
Mkuu nenda. Deni la theluthi hiyo hata mimi nina kidogo, njoo inbox, sitanii safari hii.

#57 Kalamu Nyekundu
Kiroboto, hela ikitoka kwa mtu wa intaneti siku nne kabla ya ombi tutarudi #32.

#58 Nyundo
Hapohapo kwenye #32. Mshahara wangu unaingia akaunti ya pamoja na mke. Kwenye hizo 500,000 wananihesabia yote, au nusu?